Alama Moja Badala ya Sita

Chukua klasi ya Tarehe yenye mwaka, mwezi na siku. Kabla ya C++20, aliyetaka tarehe zake zilinganishwe kama namba alizipa maana alama sita kwa mkono: ==, !=, <, >, <= na >=. Tano zilikuwa kazi ya kuchosha tu. Hatari ilikaa kwenye <. Wengi huandika kwamba tarehe hutangulia ikiwa mwaka wake ni mdogo, au mwezi wake, au siku yake. Wakasahau kwamba mwezi huulizwa pale tu miaka inapolingana. Kwa kanuni yao, 5 Machi 2021 inaitangulia 1 Juni 2020, na papo hapo 1 Juni 2020 inaitangulia 5 Machi 2021! Kompaila hainung'uniki. Anayeumia ni std::set, ambayo hutegemea < peke yake, hata kuamua kama vitu viwili ni kimoja.

C++20 ilileta alama ya <=>, iliyopendekezwa na Herb Sutter mwaka 2017; Perl ilikuwa nayo zamani. Swali huulizwa mara moja na jibu husema: kabla, sawa, au baada. Ndani ya klasi mstari mmoja watosha:

auto operator<=>(const Tarehe&) const = default;

Kompaila hulinganisha sehemu moja baada ya nyingine, na == unaipata humo humo.

Uamuzi ninaousifu zaidi ni kuitenga == na <=>. Maneno mawili yenye herufi 10 na 11 hayawezi kuwa sawa. Urefu wake umeshamaliza kesi. Lakini <=> lazima ipite herufi kwa herufi mpaka ikute tofauti, kwani inatafuta lipi litangulie. Ndiyo maana a == b haipitii kamwe kwenye <=>. Ukiiandika <=> kwa mkono wako, == nayo uitangaze, la sivyo kompaila itaikataa a == b. Heri ikatae kuliko kuchelewesha programu kimyakimya.

Kuna sharti moja lisiloonekana katika mstari ule: ulinganisho hufuata mpangilio ambao sehemu zimetangazwa. Mwenzako akiitanguliza siku, 1 Juni 2021 itaitangulia 5 Machi 2020, na hakuna onyo litakalotokea. Andika jaribio linalolinganisha tarehe hizo mbili, liendeshwe kila klasi inapoguswa.