Sifa Saba na Neno Moja

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya, nataka ufanye jambo moja dogo. Nakutajia mtu usiyemjua: ana akili, ni stadi, ana bidii, ni mkunjufu, ana azma, ni mtu wa vitendo, na ni mwangalifu. Je, umekwisha kumwona? Bila shaka umemwona, na pengine hata sura umempa. Sasa zile sifa sita ziache kama zilivyo, ubadilishe moja tu: mahali pa "mkunjufu" tia "mkavu wa moyo". Mtu wako ni yule yule?

Jaribio hili si langu. Lilifanywa na Solomon Asch, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, akalitangaza mwaka 1946. Kundi moja la wanafunzi alilisomea orodha yenye neno la ukunjufu, na kundi la pili akalisomea ile ile yenye neno la ukavu. Kisha akawauliza: mtu huyu ni mkarimu au si mkarimu? Katika kundi la kwanza, 91 kwa mia walimwita mkarimu. Katika kundi la pili ni 8 kwa mia tu. Wala hakuna aliyekuwa ametajiwa ukarimu! Neno moja liliwatosha kumjenga mtu mzima, tena mtu ambaye hakuwako duniani.

Wataalamu waliokuja baadaye walizidi kuchimba. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha za kumsifu au kumpinga Fidel Castro wa Cuba. Wengine waliambiwa waziwazi kwamba mwandishi hakuchagua upande, bali aliamriwa. Hata hivyo aliyeisoma insha ya sifa alielekea kuamini kwamba mwandishi moyoni mwake anampenda Castro. Amri aliijua, akaisahau. Akaliona tendo, akaliita tabia. Mwaka 1977 Lee Ross alilipa jambo hili jina, akaliita kosa la msingi katika kuhukumu sababu za vitendo vya watu.

Na kuna jaribio la John Darley na Daniel Batson la mwaka 1973, ambalo kila mwenye kufundisha dini yampasa alijue. Walichukua wanafunzi 40 wa chuo cha dini ya Kikristo cha Princeton, wakawatuma mmoja mmoja waende jengo la pili kutoa mazungumzo. Njiani aliwekwa mtu ameinama, anakohoa, kama mgonjwa. Walioambiwa wana wakati wa kutosha, 63 kwa mia walimsaidia. Walioharakishwa kidogo, 45 kwa mia. Walioambiwa wamekwisha kuchelewa, 10 kwa mia tu. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumza juu ya kisa cha Injili cha msafiri aliyemwokoa majeruhi njiani! Mimi na wewe tungalimwona kijana yule anampita mgonjwa, tungalisema nini? Tungalisema "mnafiki", na tungalilala usingizi. Neno "haraka" lisingalitupitia.

Basi elimu hii ina faida, wala si haki kuitupa kwa kuwa imetoka kwa wasiokuwa Waislamu. Lakini kila elimu hupimwa, na mimi naona mahali patatu pa kuipima.

Kwanza, wameita "kosa la msingi la mwanadamu" jambo walilolichungua zaidi kwa wanafunzi wa vyuo vyao. Mwaka 1984 Joan Miller aliwalinganisha Wamarekani wa Chicago na Wahindu wa mji wa Mysore, India. Alikuta kwamba Mmarekani kadiri anavyokua ndivyo anavyozidi kulieleza tendo la mtu kwa tabia yake. Na Mhindu kadiri anavyokua ndivyo anavyozidi kuyataja mazingira: alikuwa na nani, alidaiwa nini, wakati gani. Kumbe kwa sehemu kubwa jambo hili hufunzwa. Na lililofunzwa laweza kufunzwa vyengine, tena nyumbani.

Pili, mtu wa Asch ni mtu wa karatasi. Hana jirani, hana deni, hana safari. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Omar (R.A.) alipoletewa mtu wa kumshuhudilia mwenzake kuwa ni mwadilifu, alimwuliza: je, wewe ni jirani yake unayeijua kutoka kwake na kuingia kwake? Umepata kuamiliana naye kwa fedha? Umesafiri naye? Aliposema hapana katika yote matatu, Omar alimwambia basi humjui. Tazama tofauti. Mtaalamu atuonyesha jinsi tunavyohukumu upesi. Omar atuonyesha kiasi cha ujuzi kinachotakiwa kabla ya kuhukumu hata kwa wema.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wao wakisha kueleza kosa huishia hapo. Hawasemi kama ni dhambi, wala mwenye kukosewa ana haki gani. Ama Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, yatukataza kwa pamoja dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Dhana imetangulizwa, na ndivyo mambo yanavyokwenda: mtu hudhani, akapeleleza, kisha akasema.

Mfano wetu mkubwa ni kisa cha Bibi Aisha (R.A.). Katika kurudi kutoka vita vya Bani Mustaliq, kidani chake kilipotea, akaenda kukitafuta. Wachukuzi wakainua kibanda chake juu ya ngamia wakidhani yumo, maana alikuwa mwepesi. Safwan bin Muattal, aliyebaki nyuma ya jeshi, alimkuta, akampandisha ngamia wake, yeye akaongoza kwa miguu. Watu waliona nini? Mwanamke na mwanamume wanaingia pamoja. Lililobaki walilijaza wenyewe. Karibu mwezi mzima Madina ilizungumza, mpaka aya za Sura ya An-Nur zikamsafisha.

Sasa soma aya ya 12 ya sura hiyo kwa makini. Yawalaumu waumini kwa kuwa walipolisikia neno lile hawakuzidhania kheri nafsi zao. Nafsi zao! Katika tafsiri imepokewa kwamba Abu Ayyub (R.A.) alimwuliza mkewe: wewe ungalilifanya jambo lile? Akasema la, wallahi. Akamwambia: basi Aisha ni bora kuliko wewe. Alijipima nafsi kwanza, kisha akampima mwenzake kwa kipimo hicho hicho.

Jones na Richard Nisbett walisema mwaka 1971 kwamba mtu hulieleza tendo lake kwa mazingira, na la mwenzake kwa tabia. Mwaka 2006 Bertram Malle alikusanya tafiti 173 akakuta kwamba kanuni hiyo kwa jumla ni dhaifu. Lakini yasimama pale tendo linapokuwa baya. Yaani pale pale penye fedheha, ndipo tunapojipa udhuru na kumnyima jirani. Aya ilikuwa imekwisha kuligusa donda lenyewe.

Lakini tusijivune, ndugu msomaji. Aya tunazo, na je, kazi tunazifanya? Binti ameletewa posa. Mmoja akasema alimwona jioni akishuka katika gari ya mwanamume. Huyo mwanamume ni mjomba wake, naye ametoka kumwuguza nyanya yake. Hayo hakuna aliyeyauliza. Zamani neno hilo lingalingoja baraza la alasiri. Siku hizi kabla ya Magharibi limekwisha kuzunguka katika simu za mtaa mzima, na posa imevunjika. Aliyelisema hajioni kuwa ameua kitu. Asema, "Mimi nimesema nililoliona tu." La! Uliona gari. Uchafu umeutia wewe.

Pengine utauliza: je, tusiulizie habari za mchumba? Tuoze kwa macho mafumbo? Sivyo. Fatima bint Qays (R.A.) alipomshauri Mtume (S.A.W.) juu ya waliomposa, alimwambia kuwa Muawiya hana mali na Abu Jahm ni mwepesi wa fimbo. Aliyasema yaliyojulikana, kwa mwenye haja nayo, kwa kadiri ya haja. Hiyo ni nasaha. Kumsimulia asiyehusika, jambo usilolihakikisha, kwa ladha ya kulisimulia, hiyo ni haramu hata ukaanza kwa Bismillahi.

Basi nakuomba mambo matatu ya kushika nyumbani. Ukiona tendo baya la mtu, jiulize ni mazingira gani yangalikufanya wewe ulitende. Ukiletewa neno, muulize mletaji: umeliona au umelijaza? Na watoto wako wakisema "fulani ni mwizi", wafundishe kusema "fulani alichukua kitu kadha siku kadha", kisha wanyamaze kama hawana haja ya kulisema. Tendo lina siku moja, na mwenye kutubia huliacha nyuma; lakini jina baya mtoto wa watu atalibeba mpaka kaburini, na sisi tutaulizwa nani aliyemtwika.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na wenzetu, na atuhifadhi na shari ya macho na ndimi zetu. Amin.