Safari Hii Uzio Umeshika

Tusidanganyane: mchezo wa mashine nao ni hadithi. Una mwanzo, una hatari, una mwisho. Kwa hiyo unastahili mhakiki kama riwaya inavyostahili. Ninaouhakiki hapa ni Jurassic Park, pinboli ya dinosauri ya kampuni ya Stern ya Marekani, lile toleo lililotengenezwa kwa ajili ya vyumba vya michezo vya majumbani.

Kwa asiyeijua pinboli: ni meza ya mteremko iliyofunikwa kioo. Gololi ya chuma inafyatuliwa juu, inagonga huku na kule, nawe una vibawa viwili tu vya kuirudisha kabla haijatumbukia. Ikitumbukia, basi tena, umeliwa.

Kwa ufundi sina ugomvi. Mwaka 2019 Stern ilitoa Jurassic Park iliyobuniwa na Keith Elwin, ambamo mchezaji anaokoa watumishi wa hifadhi na kukamata wanyama. Toleo la nyumbani lililofuata limepunguziwa mambo ili liwe jepesi na bei ishuke. Hata hivyo gololi bado ni chuma, na haipiti njia ileile mara mbili. Nimelicheza, linanoga.

Ugomvi wangu ni na kitu kisichokuwepo: tundu la sarafu.

Pinboli ni mtoto wa mtaani, bwana. New York iliipiga marufuku mwaka 1942. Meya Fiorello La Guardia aliiona kamari, na mashine zikavunjwa kwa nyundo. Wakati huo hata vibawa havijaja, vilikuja 1947. Marufuku ilidumu hadi 1976, Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani kuwaonyesha kwamba mchezo huu una ustadi. Sarafu ndiyo iliyoiletea pinboli matata, na sarafu hiyohiyo ndiyo iliyoipa roho. Unatoa chako mfukoni, watu wako nyuma yako wanatazama, wengine wanakucheka. Ukiliwa unampisha mwenzio. Jurassic Park ya Data East ya mwaka 1993 iliujua utamu huo: T. rex aliinama akaimeza gololi yako mbele ya kadamnasi.

Nyumbani je? Ukiliwa unabonyeza tena. Hakuna foleni, hakuna wa kukuzomea. T. rex anageuka paka.

Kichekesho chenyewe kinauma. Riwaya ya Michael Crichton ya 1990, na filamu ya Steven Spielberg ya 1993, zinasimulia wanyama waliofungiwa ili wenye pesa wakawatazame, wakatoka. Kwenye chumba cha michezo uzio umeshika, na safari hii aliyefungiwa ni mchezo wenyewe.

Mtaniambia kumbi nyingi zilifungwa, na wanunuzi wa majumbani ndio wanaosaidia pinboli iendelee kupumua. Nakubali. Mnyama aliye hai zizini ni bora kuliko mifupa. Lakini zizi lina mlango. Mwenye mashine na aufungue Jumamosi, aite majirani, kila mtu aweke sarafu juu ya kioo kushika zamu.

Na wewe mwandishi mwenzangu, unayejisomea shairi lako chumbani kisha unalirudisha kwenye droo, unajiona bingwa kwa sababu droo haizomei. Lilete kibarazani tulisikie. Ukiliwa, mpishe mwenzio, halafu rudi kwenye foleni.