Janti ya mgongo mrefu mbele ya mlima wa Kabasha



Tangu mwezi wa tisa 2025, wakati Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, mara ya kwanza katika Afrika, vijana wa mtaa wetu hapa Butembo wanataka kitu kimoja tu: janti ya mgongo mrefu. Ni ile inayoshuka kutoka tairi kuelekea katikati kwa sentimita tano hivi, kama kwenye kinga ya Tadej Pogačar aliyeshinda kule. Mdogo wangu alipata moja ya okazyo, ya matundu 24, akapeleka kwa fundi amujengee gurudumu la nyuma. Na kinga yake njo chakula ya nyumba: anabeba ndizi na makala kutoka upande wa Maboya.

Mimi njo nilimusukuma. Nilikuwa nimesoma kwamba janti hiyo ina nguvu kuliko ya kawaida. Leo naikosoa ile kazi, na ninajikosoa pia.

Tuanze na sifa. Ni kweli, mgongo mrefu unafanya janti isipindike upesi, na inapasua upepo vizuri. Lakini upepo ni adui wa mtu anayekimbia kilomita 40 kwa saa. Mtu anayesukuma mzigo kwa mguu kwenye mlima wa Kabasha, upepo unamudai nini?

Kasoro kubwa iko kwenye rayo. Gurudumu linasimama juu ya mvuto wa rayo. Ile iliyolegea inachezacheza kila mzunguko, mwisho inakatika kwenye shingo, karibu na katikati. Nyuma njo kunabeba uzito mwingi. Kwenye kinga ya vitesi, meno ya mnyororo yanachukua nafasi ya kuume, kwa hiyo rayo za upande ule zinasimama wima na lazima zivutwe zaidi. Sasa gawa kazi hiyo kwa rayo 24 tu. Moja ikikatika, gurudumu linayumba mpaka linagusa freni. Kwenye gurudumu la rayo 36 au 40, moja ikikatika unafika nyumbani.

Tena, janti hiyo inaomba rayo fupi. Za sokoni ni ndefu; lazima fundi azikate na kuzichonga meno upya.

Ya mdogo wangu ilikatika mara ya tatu njiani, jioni, na mzigo juu. Kwenye barabara ya Beni siku hizi, kulala njiani si jambo la kucheka. Tulilala na wasiwasi mpaka asubuhi.

Fundi alipiga rayo kwa kidole, akasikiliza sauti moja moja, akaniambia: « Yaya, iyi janti haiko mubaya. Ni wewe haukuuliza itabeba nini. »

Hapo alinimaliza. Sisi wenye diplome tunasoma « ina nguvu » na tunasimama pale. Nguvu ya nini, chini ya mzigo gani, kwenye barabara gani? Hatuulizi.

Sasa kinga iko na janti ya kawaida, rayo 36, za kupatikana kila soko kati ya Butembo na Beni. Ile nyeusi inaning'inia ukutani. Mdogo wangu bado anaipanguza vumbi. Simulaumu, ni nzuri kweli.