Kazi ya utafiti wa jiografia: anza kuisoma mwishoni

Rundo la kazi za utafiti za kidato cha nne likifika mezani, mimi husoma swali la utafiti kisha naruka hadi kwenye hitimisho. Hitimisho lisipojibu kilichoulizwa, huko katikati kuna kasoro, hata jalada likipambwa vipi.

Chukua Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mto unaanzia vilima vya Pugu, unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Mada imenona, na ndiyo maana wanafunzi huzama ndani yake. Anayeandika "Mafuriko Dar es Salaam" ataishia kunakili sababu za mafuriko kutoka kitabu cha kiada. Mwingine anauliza: je, maji ya mafuriko Jangwani hupungua kina kadiri nyumba inavyokuwa mbali na mto? Hapo pana mahali, pana vitu viwili vya kupima, na jibu laweza kuwa hapana. Nadharia tete ambayo data haiwezi kuikataa haifai kitu.

Sehemu ya mbinu ndiyo nisomayo polepole zaidi. Kazi dhaifu husema "nilitumia dodoso na mahojiano", basi. Kazi imara hueleza kwamba mwanafunzi alifuata mstari mmoja kutoka ukingoni, akasimama kila baada ya mita 20, akapima kwa futi kamba urefu wa alama ya matope ukutani, akamuuliza mama mwenye nyumba kama alama ile ni ya vuli au ya masika. Kwa maelezo hayo, mtu mwingine anaweza kwenda kuirudia kazi hiyo. Na anayeandika kwamba nyumba ya tano ilikuwa imepakwa rangi upya, kwa hiyo hakupata kipimo, nampa alama nyingi kuliko aliyejaza jedwali lote bila pengo.

Ramani iwe na kipimio, ufunguo na mshale wa kaskazini. Grafu isiyotajwa popote katika maelezo iondolewe.

Wengi huchanganya matokeo na mjadala. Matokeo hutaja kilichoonekana, mjadala hueleza sababu. Ikiwa nyumba ya mbali ilikutwa na alama ya juu kuliko ya jirani na mto, isifichwe: huenda mfereji umeziba kwa taka, huenda pale ardhi imebonyea. Mjadala bora huanzia hapo hapo. Mapendekezo nayo yatoke kwenye vipimo. "Serikali iwahamishe watu" ni maoni ambayo mtu angeyatoa bila kufika Jangwani.

Mwalimu mwenzangu, wapeleke wanafunzi bondeni wakati wa kiangazi, mto ukiwa umetulia. Kabla hamjatoka, kila mwanafunzi akuonyeshe swali lake kwa sentensi moja, pamoja na jedwali tupu lenye vichwa vya safu. Asiye navyo abaki kwanza darasani, umsaidie kuviandika.