Kafi Moja, Ziwa Zima

Kwenye fuo za Port Victoria, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, pale Mulukoba na Marenga, boti hulala mchangani lakini kafi huenda nyumbani. Boti ni nzito, na mara nyingi si mali ya wanaoivulia. Ni ya tajiri aliyeweka mtaji wa mbao, nyavu na taa, naye mvuvi hupata fungu lake samaki wakishauzwa. Kafi ni jambo jingine. Mvuvi hulichagua mwenyewe, na kazi ikiisha hulitia begani akashika njia ya kwake.

Nataka kusifu ustadi ambao hausifiwi sana: ustadi wa kuchagua kafi na kudumu nalo. Najua kuna methali inayoweza kunikabili. Mchagua jembe si mkulima, walisema waliotutangulia, na wakaongeza kwamba mchagua nazi hupata koroma. Lakini hawakumkataza mtu kuchagua. Hakuna mkulima anayetoka na jembe bila kuutazama mpini wake. Walichokikemea ni kuchagua kusiko na mwisho, kule kuzunguka soko zima huku mvua za kupandia zikipita. Ziwani ni hivyo hivyo. Kuna siku ya kuchagua, nayo itendewe haki. Kisha kuna miaka ya kutochagua tena, na humo ndimo ujuzi unamozaliwa.

Kazi huanzia kwenye mti. Magharibi mwa Kenya kuna mti ambao Wajaluo huuita siala na Waluhya huuita lusiola, wenye maua ya manjano, unaopandwa sana mipakani mwa mashamba. Mbao zake haziliwi ovyo na mchwa, na kwa muda mrefu watu wamezipenda kwa nguzo, mipini na boti. Mchongaji wa kafi hutafuta kipande ambacho nyuzi zake zimenyooka kutoka kichwa cha mpini hadi ncha ya bapa. Nyuzi zikikatiza kwenye shingo, pale mpini unapokutana na bapa, kafi litavunjika hapo hapo siku ya mawimbi, kwa kuwa shingo ndiyo inayobeba nguvu ya mkono upande huu na uzito wa maji upande ule. Kifundo kidogo kwenye bapa huvumilika. Kifundo cha shingoni hakivumiliki. Kisha mbao ikauke kivulini, polepole. Kafi lililochongwa kwa mti mbichi hujipinda, na kafi lililopinda humvuta mtu upande mmoja safari nzima. Shoka hutoa umbo, tezo hupunguza unene, randa husawazisha, na msasa humaliza pale ambapo kiganja kitakaa.

Urefu hupimwa kwa mwili na kwa boti. Mvuvi aketi kama anavyoketi kazini, aligeuze kafi kichwa chini, kichwa cha mpini kiguse ubao anaoukalia. Shingo ikifika kati ya kidevu na pua, kafi limemfaa. Kama ubavu wa boti uko juu sana ya maji, aongeze kidogo. Likiwa fupi, mvuvi huinama kila anapopiga, na mgongo ndio unaolipa. Likiwa refu, mkono wa juu hupanda kupita bega, na bega huchoka kabla nyavu hazijafikiwa.

Uzito nao una hesabu yake. Mtu akipiga kafi mara 30 kwa dakika, kwa saa moja ameliinua mara 1,800. Kafi lililozidi gramu 200 tu limemfanya ainue kilo 360 za ziada katika saa hiyo, kilo ambazo hazikumsogeza hatua hata moja. Lakini kafi lililopunguzwa mno halina uhai majini. Hutetemeka na kupotoka. Na bapa pana hushika maji mengi na kuisukuma boti vizuri kwa mapigo machache, ila kifua na mabega visivyozoea huzimika mapema. Bapa jembamba huruhusu mapigo ya haraka kwa muda mrefu. Hakuna jibu moja linalomfaa kila mtu. Ndiyo maana mvuvi mwenye akili huomba kafi la mwenzake, alipige kwenda na kurudi, alirudishe, na ndipo aagize la kwake akijua anataka nini.

Baada ya hapo miaka huanza kufanya kazi ambayo fundi hawezi kuifanya. Kichwa cha mpini hulainika pale kiganja kinapokaa. Chini, karibu na shingo, mkono wa pili huacha alama yake, na mtu mwingine akilishika kafi hilo husikia mara moja kwamba limeshapata mwenyewe. Ncha hulika kwa kusukumia mchanga na mawe wakati wa kuondoka ufuoni. Ukingo wa bapa huwa mwembamba na mviringo, nao huingia majini bila kishindo.

Na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Kafi lililotumika miaka mingi huacha kuwa kitu cha kufikiriwa, likawa kipimo. Kwa kuwa uzito wake ni ule ule na upana wake ni ule ule, kila kinachobadilika mkononi kimetoka ziwani. Karibu na Port Victoria, Mto Nzoia humwaga maji yake baada ya safari ndefu kutoka milima ya Cherangani. Mvua ikinyesha huko juu, mto huja na nguvu na tope, na mvuvi anayekatiza mlangoni mwake huusikia mkondo kwenye kiwiko kabla hajauona. Pigo likiwa zito kuliko jana na upepo haujageuka, huenda boti inaingiza maji. Bapa likigusa kitu laini kisichoachia upesi, chini kuna tope, na injini ya jirani itakwama hapo. Likirudi limenaswa na nyuzi ndefu nyeusi, gugumaji limesogea usiku. Mvuvi anayebadilisha kafi kila mara hupata habari hizo zote, lakini hana njia ya kujua kama ni ziwa lililobadilika au ni chombo. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Hakuna awezaye kulishika lote. Anachoweza ni kushika kitu kimoja kisichobadilika, na kwa hicho kulisoma.

Wanaovua omena, dagaa wa ziwa hili, wanalielewa jambo hilo kuliko wote. Kazi yao ni ya usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Mbalamwezi ikikolea, taa zao hazina mvuto na wengi hupumzika. Taa huelea juu ya maji, zamani karabai na siku hizi pia taa za sola, na omena hukusanyika chini ya mwanga. Kisha boti huzunguka na wavu. Wakati huo hakuna anayetazama mkono wake. Mwenye kafi la siku nyingi hujua kwa kidole gumba bapa limeelekea wapi, na huliingiza majini bila kugonga ubavu wa boti wala kurusha maji. Ukimya huo haununuliwi pamoja na kafi. Hutokana na mkono na mti kuishi pamoja mpaka kila kimoja kimejua kingine kitafanya nini.

Kudumu na kafi ni pamoja na kulitunza. Upande wa Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo kafi lililozoea maji hukauka, na likiachwa juani hupasuka. Mwenye kulijali huliweka kivulini, akalisimamisha au akalitundika ili lisipinde, na akalipaka mafuta. Watu wa pwani hufanya vivyo hivyo kwa mbao za majahazi, ambazo tangu zamani hupakwa sifa, mafuta yale ya papa yenye harufu kali. Mti uliokatwa bado hunywa na bado hukauka. Anayesahau hilo hununua chombo kipya kila mwaka na kulaumu mbao.

Watu wa ziwa hili walilipa kafi heshima kubwa tangu kale. Waganda walimwamini Mukasa, mungu wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe katika Visiwa vya Ssese. John Roscoe, mmisionari aliyechapisha kitabu kuhusu Waganda mwaka 1911, aliandika kwamba alama takatifu ya Mukasa katika mahekalu yake ilikuwa kafi. Nikifikiria jambo hilo naona hekima ndani yake. Mungu wa ziwa angeweza kupewa samaki, au wimbi, au mkuki. Akapewa chombo cha kazi, kile kile ambacho watu wa visiwani walikitumia.

Port Victoria yenyewe ilikaribia kupata historia nyingine. Kapteni James Macdonald alipopima njia ya reli kutoka Mombasa mnamo 1891 na 1892, mwisho wa njia ulichorwa hapa, kwenye Ghuba ya Berkeley. Baadaye njia ikafupishwa, na mnamo Desemba 1901 reli ikafika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Meli na gati zikaenda huko. Hapa watu wakaendelea na boti na makafi yao, na injini zilipokuja baadaye, kafi halikufukuzwa. Nahodha anayekwenda kisiwa cha Sumba au mbali zaidi kwa injini bado hubeba makafi, kwa sababu mafuta huisha, gugumaji hukamata panga la injini, na dhoruba za ziwa hili huja bila kubisha hodi. Wakati huo wanaojua kupiga kafi ndio wanaorudi nyumbani, na wenye kafi walilolizoea hurudi wakiwa na nguvu zaidi.

Tamaa ya kubadilisha chombo haiko kwetu tu. Mwaka 1965, katika kisiwa cha Bainbridge nchini Marekani, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walibuni mchezo wa pikiliboli kwa kutumia uwanja wa badminton, mpira wa plastiki wenye matundu na vibao vya mpira wa meza. Mwenzao Barney McCallum akawakatia vibao vikubwa zaidi vya plaiwudi. Mwaka 1984 mhandisi wa Boeing, Arlen Paranto, akatengeneza kibao chepesi kwa malighafi inayotumika kwenye ndege. Tangu hapo vibao vipya havikauki madukani, na kila kipya huahidi kumpa mchezaji kile alichokikosa jana. Maendeleo hayo ni ya kweli, kama vile kafi la siala lilivyo bora kuliko ubao wowote uliookotwa. Lakini mchezaji anayebadilisha kibao kila akishindwa hatajua kamwe kama kosa lilikuwa la kibao au la mkono. Hasara yake ni ile ile ya mvuvi asiye na kafi lake, na dawa ni ile ile: achague vizuri, kisha akae.

Kukaa huku kuna mipaka, na kuijua mipaka ni sehemu ya ustadi. Ufa mdogo kwenye ukingo wa bapa hushonwa kwa waya au hufungwa kwa kipande cha bati na misumari midogo, na kafi huendelea miaka. Ufa unaokatiza shingo ni hukumu. Kafi hilo lisiende tena maji ya kina, hata kama mwenyewe alilirithi kwa baba yake. Mtu akihama kutoka mtumbwi mdogo kwenda boti kubwa, kipimo chake kimebadilika na heshima haitarefusha mpini. Na umri ukisogea, mabega yakianza kukataa, si lazima kafi litupwe. Randa ipite pande zote mbili za bapa, upana upungue kidogo kidogo, mwenyewe akilijaribu majini kila baada ya kupunguza. Kafi la namna hiyo humfuata mtu kutoka ujanani hadi uzeeni, likibadilika kwa kadiri anavyobadilika yeye. Hilo kwangu ndilo kafi bora kuliko yote, na hakuna duka linaloliuza.

Kijana anayeanza kazi leo pale Mulukoba ana mengi ya kumvuta: injini yenye nguvu zaidi, taa kali zaidi, simu inayomwambia hali ya hewa. Avichukue vyote vinavyomsaidia. Ila kabla ya kulipia kafi, akae kwanza na fundi, aangalie nyuzi za mbao, aulize mti ulikauka wapi na kwa muda gani, apime kwa kidevu chake na kwa boti atakayopanda. Akishalipata, alipige kwa misimu kadhaa kabla ya kusema lolote juu yake. Na kama ana kipande cha shamba, apande siala mpakani. Mti huo utahitaji miaka mingi kutoa mbao iliyonyooka, na kuna mvuvi ambaye hajazaliwa bado atakayekuja kulitazama shina lake akitafuta kafi la maisha yake.