Skuta ya Umeme Inayoingia Kwenye Buti: Uzito Ulikwenda Wapi?

Itenganishe skuta ndogo ya umeme ya kusafiria, ile ya mtu mwenye shida ya kutembea, nawe utabaki na vipande vinne au vitano sakafuni: kiti, kisanduku cha betri, sehemu ya mbele yenye usukani, sehemu ya nyuma yenye mota, na kikapu ambacho muuzaji hukihesabu akiona kinamfaa. Vyote pamoja hukaribia kilo 45. Kipande kizito kuliko vingine, mara nyingi, hakizidi kilo 17. Kwa hiyo wasanifu wake hawakuunda mashine nyepesi. Waliunda mashine nzito ambayo mtu mmoja anaweza kuiinua kipande kwa kipande na kuipakia kwenye buti ya gari dogo. Ili wafike hapo ilibidi wapunguze baadhi ya vitu na kuongeza vingine, na anayejua ni vipi hahitaji kukariri kurasa zote za onyo zilizomo kwenye kitabu cha maelekezo.

Umbo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1968 Allan Thieme, mkandarasi wa mabomba na mitambo ya kupasha nyumba joto katika jimbo la Michigan, Marekani, aliunda skuta aliyoiita Amigo kwa ajili ya mtu wa familia yake aliyekuwa na multiple sclerosis, ugonjwa wa mfumo wa neva unaodhoofisha uwezo wa kutembea. Usukani wa katikati, jukwaa la kuwekea miguu, kiti juu ya nguzo moja: hayo bado yapo. Mtumiaji aliyekusudiwa naye hajabadilika sana. Ni mtu anayeweza kusimama na kupiga hatua chache, ila umbali wa kutoka getini hadi sokoni unamshinda.

Cha kwanza kupunguzwa kilikuwa betri. Skuta ya kusafiria ya kawaida ina betri mbili za risasi zilizofungwa, kila moja volti 12 na ampea-saa 12, zikiungwa mfululizo kupata volti 24. Zidisha, utapata wati-saa 288. Skuta kubwa za barabarani hubeba mara tatu hadi sita ya akiba hiyo. Tofauti haionekani ukiwa dukani kwenye vigae, inaonekana mlimani. Chukua mtu wa kilo 90 juu ya skuta ya kilo 45, akienda kilomita 6.4 kwa saa. Kwa hesabu ya kukadiria, kwenye tambarare mota inataka kama wati 80, yaani ampea tatu na kidogo. Mpandishe kwenye mwinuko wa nyuzi 6 kwa kasi ileile, na mahitaji yanafika wati 500 hivi, ampea 20. Mara sita!

Halafu kuna jambo ambalo boksi haliandiki. Zile ampea-saa 12 hupimwa kwa kuitoa betri umeme polepole kwa saa 20, kama nusu ampea tu kwa wakati. Ukiivuta kwa ampea 20, betri ya risasi hutoa karibu nusu ya ilichoahidi. Ndiyo maana umbali uliochapishwa na mtengenezaji, uliopimwa kwa betri mpya kwenye njia laini, mimi ningeukata katikati kabla ya kumwambia mzazi wangu aende nao peke yake. Kipimo cha betri kwenye usukani nacho kinataka kusomwa kwa akili. Kinachopimwa ni volti, na volti za betri iliyopumzika hudanganya. Betri iliyochoka huonyesha imejaa asubuhi, kisha sindano huanguka mara tu magurudumu yanapogusa mwinuko. Kisome kipimo ukiwa unaendesha tambarare kwa kasi ya juu. Hapo ndipo kinaposema kweli.

Cha pili kupunguzwa kilikuwa upana, na hapa ndipo watu huumia. Skuta inayopaswa kupita kwenye mlango wa lifti na kugeuka ndani ya duka haiwezi kuwa pana. Wakati huohuo mtu amekaa juu, kwa hiyo kitovu cha uzito wake na mashine kiko kama sentimita 65 kutoka ardhini. Tuseme kati ya mstari wa katikati na gurudumu la nyuma kuna sentimita 20. Kwenye skuta ya magurudumu matatu hata hizo 20 hazipatikani zote, maana msingi wake ni pembetatu inayozidi kuwa nyembamba kuelekea mbele; pale uzito ulipo zimebaki kama 13. Piga hesabu ya kona yenye nusu-kipenyo cha mita moja na utaona gurudumu la ndani linaanza kuinuka kwenye kilomita 5 kwa saa. Skuta hiyohiyo inaweza kwenda 6.4. Maana yake ni kwamba kasi yake halali, ile ambayo kanuni za Uingereza za mwaka 1988 zinairuhusu kwenye njia ya waenda kwa miguu, inatosha kabisa kuipindua kwenye kona kali.

Ongeza mteremko wa pembeni wa nyuzi 5 tu, kama kando ya barabara iliyojengwa imeinama ili maji yatiririke, na zile sentimita 13 zinashuka hadi 7 hivi. Ndiyo sababu hukati mteremko mshazari wala hugeuki katikati yake. Unapanda moja kwa moja ukiegemeza mwili mbele, unashuka moja kwa moja polepole, na kona unazifanyia chini kwenye usawa. Magurudumu manne husaidia, ila kwenye skuta nyingi za kusafiria yale mawili ya mbele yamesogezwa karibu, hivyo msaada ni mdogo kuliko jicho linavyodhani.

Karibu na usukani kuna kitufe cha kuzungusha kinachoweka kikomo cha kasi. Upande mmoja kimechorwa kobe, upande wa pili sungura, na Mswahili hahitaji kuelezwa nani hushinda. Kizungushe kuelekea kobe kabla ya kona, si ndani yake. Mizigo nayo ikae kwenye kikapu cha mbele. Mfuko wa nazi ulioning'inizwa nyuma ya kiti unavuta uzito nyuma ya ekseli, na ukipanda mwinuko gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani hauna tena kitu cha kushika. Vile vigurudumu vidogo vilivyo nyuma, karibu kugusa ardhi, viliwekwa kwa ajili ya kosa hilo. Asiving'oe mtu kwa kuwa vinakwaruza kwenye matuta.

Magurudumu yenyewe ni madogo, kipenyo cha sentimita 20 au chini, na tumbo la mashine liko sentimita chache tu juu ya ardhi. Mchanga unayazamisha, shimo linayameza. Kwenye njia ya kushukia kivuko cha Likoni, maji yakiwa yametoka na ukingo wa chuma umesimama juu ya zege, ningemshauri mwenye skuta hii asubiri watu wa kumsaidia, au aje na skuta kubwa zaidi. Hakuna ustadi wa kuendesha unaofidia gurudumu dogo.

Sasa vilivyoongezwa. Vilivyoongezwa ni viungo, na kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha matunzo ya mashine hii. Skuta isiyotenganishwa ina fremu moja na waya zinazopita bila kukatika. Ya kusafiria ina fremu mbili zinazokamatana kwa ndoana, nguzo ya kiti inayochomoka, usukani unaokunjwa, na soketi za umeme zinazokutana zenyewe pindi vipande vinapoungana. Soketi hizo ni kazi nzuri ya usanifu: mtu mwenye vidole vyenye baridi yabisi hahitaji kuchomeka waya hata mmoja. Lakini kila ukiitenganisha zinasuguana, na zikiwa wazi zinapokea vumbi na, kwetu Pwani, chumvi.

Ncha za soketi zikipata kutu kidogo, ukinzani ukafika sehemu moja ya kumi ya omu, kwenye tambarare hutahisi chochote. Kwenye ule mwinuko wa ampea 20, volti 2 zinapotelea hapo na wati 40 zinageuka joto ndani ya plastiki ndogo. Hizo ni wati za kile chuma cha moto ambacho fundi redio huyeyushia risasi. Mwenye skuta ataona inakata umeme ikipanda tu, ataambiwa betri zimekufa, atanunua mpya, na ubovu utabaki palepale. Kabla ya kumpa mtu yeyote pesa ya betri, gusa soketi baada ya kupanda mwinuko. Ikiwa ya moto, au plastiki imebadilika rangi, umempata mhalifu. Zisafishe kwa kitambaa kikavu au dawa ya kupulizia ya kusafishia ncha za umeme. Msasa unaondoa ule utando unaozuia kutu, na baada ya mwezi hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ndoana za fremu zinahitaji sekunde tu: ukishaunganisha, inua usukani kidogo na uone kama nyuma inafuata. Kiti kivute juu, ukijaribu kukizungusha hakikisha kimejifunga. Usibebe skuta kwa kushika plastiki zake za nje, hazikuundwa kwa hilo.

Breki inastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu inafanya kazi kinyume na wengi wanavyofikiri. Springi ndiyo inayobana. Umeme ndio unaoachia. Ukibonyeza kibonyezo cha mwendo, mkondo unavuta sumaku, breki inafunguka na mota inazunguka. Ukiachia, mota yenyewe inapunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri, kisha springi inashika. Betri ikifa, waya ukikatika, ufunguo ukizimwa, mashine inasimama. Ni usanifu wa busara, ingawa una sura yake ya pili: ukizima ufunguo ukiwa kasini, springi inabana ghafla nawe unaruka mbele.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye wenzo mdogo ulio nyuma, karibu na mota, unaoachia breki ili skuta isukumwe kwa mkono. Wenzo ukiwa kwenye kusukuma, skuta nyingi hukataa kuendeshwa, ila hazikatai kubingirika. Mtu akiikalia kwenye mteremko katika hali hiyo hana breki yoyote, na kuzungusha ufunguo hakumsaidii. Tabia ya kuuangalia wenzo huo kabla ya kukaa ndiyo ningeifundisha ya kwanza kabisa, kabla ya kuendesha.

Kuhusu kuchaji, betri za risasi hupenda kujaa. Zikiachwa nusu tupu, fuwele za salfeti hugandamana kwenye sahani zake na uwezo haurudi. Chaji kila siku uliyoitumia, acha mpaka taa ibadilike, na skuta ikikaa kabatini ijazwe angalau mara moja kwa mwezi. Betri za lithiamu ni kinyume chake; kwa kuhifadhi hupenda nusu hivi. Joto ni adui wa zote mbili: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu, kwa hiyo Mombasa na Dar es Salaam usitegemee miaka inayotajwa na mtu wa Leeds, Uingereza. Kisanduku kinachomoka, kitoe kwenye buti ya gari lililoanikwa juani. Kikichajiwa ndani kisikae juu ya godoro wala mlangoni, hasa kama ni cha lithiamu. Moto wake ukiwaka kwenye njia ya kutokea, hakuna njia nyingine. Na chaja ya risasi isiunganishwe na lithiamu hata kama plagi inaingia.

Skuta nyingi hufika kwetu zikitumwa na watoto walioko ughaibuni. Ikitoka Marekani, geuza chaja usome nyuma kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa 100–240V, badilisha plagi tu. Ikiandikwa 115V au 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza kwa mshindo mmoja.

Betri za ampea-saa 12 zinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, kwa kuwa UPS, vile vifaa vya akiba ya umeme vya kompyuta, navyo hutumia ukubwa huo. Uliza ni za aina gani. Za UPS zimeundwa kusubiri zikiwa zimejaa. Zikitolewa mpaka chini kila siku hazidumu. Badilisha zote mbili pamoja, za aina moja na umri mmoja, kwani zikiwa mfululizo ile dhaifu huisha kwanza na mwenzake huendelea kuikamua, halafu kwenye chaja hazijai kwa usawa.

Anayepanda ndege aarifu shirika mapema na awe na wati-saa za betri yake kwenye karatasi. Betri ya lithiamu inayochomoka inaruhusiwa hadi wati-saa 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja, na inaingia kabini pamoja nawe, ncha zake zimefunikwa zisipige shoti. Ya risasi iliyofungwa kwa kawaida hubaki ndani ya skuta. Chomoa ufunguo ukae nao mwenyewe. Kisha funga kadi kwenye ule wenzo wa nyuma, ionyeshe kwa mshale upande wa kusukuma na upande wa breki, maana mpakizi asiyeujua ataikokota skuta ikiwa imebanwa, au ataiacha huru juu ya njia iliyoinama ya kupandishia mizigo.