Chapa ya Ukingoni

Kuna fundi cherehani sokoni Kyela ambaye hashiki mkasi kabla ya kukikagua kitambaa. Huchomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, jivu lake laini likapeperuka. Ule wa plastiki hujikunja, huyeyuka na kuacha kitonge kigumu. "Hii siyo pamba, mama," humwambia mteja, ingawa ukingoni pamechapwa kwa herufi kubwa kwamba ni kitenge cha waksi halisi cha Uholanzi. Kisha hukigeuza kitenge. Waksi ya kweli imekolea rangi pande zote mbili. Hiki mgongo wake umepauka.

Zamani mzigo huo wa ukaguzi haukuwa wa fundi. Uingereza, kitambaa cha sufu kilipimwa na mkaguzi kwanza, kisha visahani viwili vya risasi vikakunjwa ukingoni na kugongwa chapa. Risasi ni laini: hupokea alama vizuri, na ukiibandua huharibika, hila ikaonekana. Utaratibu huo ulidumu karne kadhaa, hadi 1724.

Kwetu chapa ya risasi haikufika, ilifika merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, majora ya viwanda vya Massachusetts yalizidi kushushwa Unguja, yakapanda bara mabegani mwa wapagazi, yakikatwa shuka ya mikono minne au doti ya minane. Waingereza waliiga, lakini wanunuzi walishaijua merikani ya kweli kwa kuifua. Ni vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilivyoiadimisha, nguo za Bombay na Manchester zikapata nafasi. Huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa nguo za dukani zilikuta watu wakivaa magome ya miti, nyingine zikipitia Karonga.

Bibi yangu wa Ipinda hakuruhusu chapa ya kitenge chake ikatwe. Gauni lilishonwa, na ule ukanda wenye maandishi ukafichwa ndani ya mshono wa kiunoni. Mashoga zake wakija, aliugeuza nje kidogo wausome, wakati maua ya gauni lenyewe yalishafifia. Aliyeandika jina lake pale alikuwa amejifunga kuwajibika nalo.

Siku hizi jina la kiwanda huchapwa na watu wasiokijua kiwanda, nasi twanunua kwa kutazama tu, haraka haraka. Kitenge kikichuja kwenye beseni la pili, mama wa watu hana pa kukirudisha: muuzaji keshahamisha meza yake, na mchapaji hakuwahi kuwa na jina.